Mwanga Nyuma ya Jirani

Siku za kurudi nyumbani zilipokaribia, Bibi Cherehani alizila kidogo kidogo, kama mtu anayelamba asali kwenye kijiko asije akaimaliza. Alikuja ugenini kumsaidia binti yake kulea kichanga, akakaa mpaka kichanga kikaweza kusimama kwa kushika sofa. Muda wote huo nchi ya watu aliiona kupitia dirisha la ghorofani: maegesho ya magari, duka la dawa, na mti mmoja uliozungushiwa zege kama mfungwa. Nepi, maziwa, nepi tena.

Sasa binti, aliyekuwa muuguzi, alichukua likizo. "Mama, umetulelea vya kutosha," alisema. "Wiki hii ni yako. Sema unataka kwenda wapi."

Bibi Cherehani hakujivunga. Alitaka kila kitu. Walipanda treni inayopita chini ya ardhi, akamshika mkwewe mkono mpaka kucha zikaacha alama. Walikwenda kwenye bustani ya wanyama, akasimama mbele ya twiga akimsikitikia kwa baridi ile na shingo ile. Katika duka kubwa la vitambaa alipita akipapasa majora, akimweleza muuzaji, kwa lugha ambayo muuzaji hakuielewa hata neno moja, kwamba kile chekundu kikifuliwa kitachuja.

Mkwewe, dereva wa gari la mikate na mtu wa masihara, alimwambia, "Mama, tukikuacha hapa, kesho tutakukuta umeajiriwa."

"Kesho ya nini? Wangenipa umeneja leo leo."

Alichokitazama mara mbili, binti alikilipia. Viatu, mkoba, koti ambalo kwao asingelivaa labda augue malaria. Akikataa, binti alimkumbatia na kusema, "Chukua tu, mama. Tunakupenda." Alilisema sana neno hilo wiki ile, na mama akalipokea lilivyo.

Kule kwao alikuwa na nyumba ya matofali iliyojengwa na marehemu mumewe, fundi mwashi. Kila mtoto alipozaliwa, mzee yule aliongeza chumba. Watoto walipokomea wawili, akaongeza kingine upande wa barabarani kwa ajili ya cherehani ya mkewe. "Na huyu naye ni mwanao," alisema. Sare za shule na mapazia ya mtaa mzima vilipita chumba kile. Ukuta wa nyuma ulipakana na ua wa Mama Mapacha, jirani yake wa ujana na uzee, nao ulikuwa mrefu hata ua ule haukuona jua la asubuhi. Walitaniana kwa hilo miaka nenda miaka rudi.

Habari za nyumbani alizipata kwa mwanawe wa kiume, fundi umeme, ambaye kila alipopiga alisema mambo ni shwari. Mama Mapacha hakuwa na simu ya maana. Lakini wiki ile wanawe walimnunulia moja ya kuonana uso kwa uso, naye akaijaribu asubuhi moja, wakati Bibi Cherehani akipanga zawadi kwenye sanduku na binti akimwogesha mtoto bafuni.

"Jirani, unaniona?"

"Naona pua tu. Isogeze mbali."

Mama Mapacha akaisogeza. Alikuwa ameketi uani kwake juu ya kigoda, uso wote unang'aa kwa jua. Wakacheka, wakaulizana magoti na presha. Kisha Bibi Cherehani akaikaribia simu.

"Mbona kuna mwanga mwingi hivyo nyuma yako?"

Mwenzake akageuka kutazama, akarudi taratibu. "Mwanga gani?"

"Huko si uani kwako? Ukuta wangu uko wapi?"

"Mwanao alituambia umeridhia," alisema. "Alisema ndiyo sababu umekwenda kukaa huko, ukwepe vumbi la ubomoaji. Mwenzio nimekununia muda wote huu. Nikasema, jirani gani huyu, anavunja nyumba hata haniagi?"

"Geuza simu."

Akageuza. Palipokuwa na nyumba sasa palikuwa na msingi mpya, nondo zimesimama, na mafundi wakichanganya zege. Mwanawe alikuwa akijenga vyumba vya maduka. Bibi Cherehani alitafuta kwa macho hata kona moja ya tofali la mumewe, asiione.

"Cherehani yangu?"

"Iko chumbani kwangu, nimeifunika shuka. Nilikununia, lakini sikuwa mwendawazimu."

Alikata simu, akakaa kitandani katikati ya zawadi. Binti akaingia na mtoto ndani ya taulo, akauona uso wa mama yake, akasimama.

"Ulijua?"

Binti alianza kumfuta mtoto masikio yaliyokwisha kukauka. "Kaka alisema atakuambia mwenyewe ukifika. Nyumba ilikuwa na nyufa, mama. Na atakuwekea chumba nyuma ya maduka, kizuri, chenye vigae."

"Sikuuliza vigae. Ulijua lini?"

"Kabla hatujakukatia tiketi."

Kumbe hata safari yenyewe. Alikuwa amewatangazia wateja wake wote kwamba binti yake anamhitaji, kwamba mtoto wa kike akijifungua hamtaki mwingine ila mama yake. Kumbe aliondolewa njiani kama kochi, mafundi wapate kupita. Na zile treni, yule twiga, lile koti, alipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, naye akawa anashukuru.

"Nilikuhitaji kweli, mama," binti alisema, machozi yakimtoka. "Yote mawili ni kweli."

"Basi ndiyo mabaya zaidi."

Jioni mwanawe alipiga simu. Alijieleza kwa kirefu, akamalizia, "Mama, ile nyumba ilikuwa imechoka."

"Hata mimi nimechoka. Mimi utanibomoa lini?"

Akaikata simu.

Kesho yake walikuwa waende ziwani. Bibi Cherehani aliamka mapema, akavaa koti lile, kwa kuwa baridi haikujua mambo ya watu, akamwomba mkwewe amwonyeshe basi la kupanda.

"Nikupeleke, mama?"

"Nawe ulijua?"

Mkwe akainamisha kichwa. Siku hiyo hakuwa na masihara.

Alikwenda peke yake. Alikosea kituo, akarudi kwa miguu akiuliza njia kwa vidole. Ziwa lilikuwa pana, limetulia, na watu walikodi vijiboti vinavyoendeshwa kwa kanyagio. Akakodi kimoja. Miguu iliyokanyaga cherehani maisha yake yote ilikijua kile chombo kuliko mwenyewe alivyotarajia, akafika katikati ya maji kabla ya vijana waliotangulia. Akacheka kwa sauti. Kisha akalia, kwa kwikwi, bila mtu wa kumwambia nyamaza. Alipomaliza alijipangusa, akazungusha raundi nyingine. Siku ile ilikuwa tamu, na hakukuwa na wa kumshukuru kwa ajili yake.

Kwenye uwanja wa ndege alimbusu mjukuu wake kila kidole. Binti alipompa mkono wa kuaga, mama aliushika, akauachia.

Kwao, mwanawe alikuja kumpokea na gari la kukodi. Alimwachia mizigo abebe, lakini akamwamuru dereva asimame kwa Mama Mapacha. Chumba chenye vigae hakuwahi kukitia mguu. Alipanga kijichumba ng'ambo ya barabara, akaanza tena na sare za shule. Wateja walimuuliza habari za ughaibuni, akawasimulia twiga na treni, nao wakasema ana bahati ya watoto. Hakuwabishia.

Mwezi wa pili tangu arudi, mwanawe fundi umeme aliingia na suruali iliyopasuka, akasimama mlangoni kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Mama yake aliipokea, akaigeuza ndani nje, akatazama mshono.

"Rudi Ijumaa," alimwambia, kama anavyowaambia wateja wote, akavuta kazi nyingine.