Mikono ya Ilias Ilitoka Jabe

Christa alifia nyumbani kwao Mutanga Nord, asubuhi, mabomba yakiwa makavu kama kawaida yake. Hospitali ikakataa kumpokea kwenye chumba cha maiti: umeme hakuna, na jenereta haina mafuta. Mafuta yapo, mumewe Jovithe alijisemea, yanapanda mlima wa Kiriri kila siku ndani ya magari ya wakubwa wanaokaa huko. Na maji yanapanda huko huko, yananywesha maua. Christa ndiye anakosa ya kuoga mara ya mwisho.

Na mwenyewe alikuwa ameomba kitu kimoja tu. Kidonda cha titi kilimla miezi, kikatoa harufu mpaka majirani wakaacha kupita. "Usinizike na hii harufu," alimwambia mumewe. "Nizike nikiwa safi." Jovithe aliitikia, bila kujua atafanyaje.

Mama wa kanisa walifika mpaka langoni, vitambaa puani. Wakaomba sala fupi, wakaenda kupika. Mchungaji mkuu akapiga simu: atakuja mazishini jioni, gari lake likipata mafuta. Jovithe akacheka kicheko kibaya.

Aliyeingia mpaka ndani ni Ilias, shemasi mwembamba ambaye kanisani wanampa kazi ya kupanga viti. Kabla hajabatizwa alikuwa muosha maiti wa Waislamu kule Jabe, kazi aliyoachiwa na baba yake. Siku ya ubatizo wakubwa wa kanisa walimwambia mambo yale ayaache humo humo majini, asiyataje tena. Hakuyataja. Lakini leo alibeba bidoni mbili za maji na kifuko kidogo cha kafuri.

"Maji umetoa wapi?" Jovithe aliuliza.

"Kwa kaka yangu Mohamadi. Ye bado anaosha. Tangu nibatizwe hatusalimiani. Leo amenipa maji na kafuri, akasema: 'We ulihama, naona mikono imebaki.'"

"Basi muoshe, ndugu. Mi nangoja nje."

"Apana. Mi siwezi kumuangalia. Kule nilikofundishwa, mwanamke anaoshwa na wanawake. Wakikosekana, mume anaruhusiwa."

"Mi? Mi sijui kitu."

"Mi najua. We utakuwa mikono, mi nitakuwa mdomo."

Ilias akatundika kitenge katikati ya chumba, akasimama upande wa pili, uso ukutani. "Mufunike shuka," alisema, "umuoshe chini yake. Usimufunue. Bismillahi..." Akakatisha.

"Nini hiyo?"

"Mdomo umekumbuka njia yake. Nisamehe. Ni kwa jina la Mungu."

"Kwani kuna ubaya gani? Endelea."

"Anza kuume. Kichwa, shingo, mkono."

Jovithe akamimina.

"Polepole, mzee. Unamimina kama mtu anayeosha taksi."

"Utajuaje, na umenipa mgongo?"

"Nasikia. Na bidoni ni mbili tu. Ya tatu iko Kiriri."

Jovithe alicheka, yeye ambaye tangu asubuhi alikuwa anatafuta mtu wa kumpiga. Mikono ikalegea. Akaosha kuume, akaosha kushoto, mpaka akafika kwenye kidonda. Hapo mikono ikagoma.

"Maji yamenyamaza," Ilias alisema.

"Nimefika penyewe."

Ilias hakugeuka. Sauti yake ikashuka. "Musemeshe. Baba yangu alikuwa anawasemesha wote, kama watu wanaosikia. Mwambie unachofanya."

"Christa," Jovithe alisema, "nainua mkono wako. Maji ni baridi kidogo." Akaosha, akisema naye, akimweleza kila kitu. Maji ya mwisho yalikuwa na kafuri. Alipoyamwaga, chumba kikabadilika harufu, kikawa kama sanduku la nguo za sikukuu. Akaketi chini, akalia kwa mara ya kwanza.

Ilias akamwacha alie. Kisha akasema, "Imebaki moja, nayo ndiyo kazi yenyewe. Ulichokiona kinabaki humu. Muosha hana macho."

Jioni, makaburini, mama wa kanisa walisogea mpaka kwenye jeneza, bila vitambaa. Kiongozi wao, mama Chanelle, akamnong'oneza Jovithe: "Pole, baba. Na kile kidonda, kilifikia wapi?" Mchungaji mkuu naye akavuta pumzi, akamtazama Ilias. "Hii harufu ya Jabe, nani ameileta kwenye mazishi yetu?"

Ilias akainamisha kichwa. Jovithe alikuwa na maneno tayari tangu asubuhi: lango, vitambaa, gari, maji ya maua. Yalimfika kooni. Alimtazama yule mtu mwembamba aliyeamriwa kuyaacha yote majini, na aliyemletea Christa yote.

"Mi ndiye nimemuosha muke wangu," alisema. "Na sikuona kitu."

Kisha akamwita Ilias ashike jeneza pamoja naye, upande wa kuume.