Feni Mpya ya Kufuli

Mtaani walimwita Kufuli, na jina lilimkaa. Chumba chake cha kazi, alimohariri video za harusi za watu, kilikuwa na ufunguo mmoja tu, nao ulining'inia shingoni mwake hata akienda kuoga. Hakuna aliyewahi kumwibia chochote. Yeye alisema hiyo ndiyo dalili kwamba wezi bado wanajipanga.

Aliishi na mama yake na mdogo wake wa kike. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo posa ya yule dada ilikuwa mikononi mwa Kufuli. Aliyeposa alikuwa fundi wa kompyuta, kijana mpole mwenye kucheka upesi. Mama alikuwa ameshampenda, na binti ndiyo usiseme. Jumapili wazee wa fundi wangekuja kuchukua jibu, na Kufuli alikuwa bado anatafuta doa.

"Mtu gani anacheka na kila mtu?" alimuuliza mama yake. "Anaficha nini?"

"Meno yote yako nje, mwanangu. Amebakisha nini cha kuficha?"

Kufuli alimwita kijana yule "fundi" tu, wala neno shemeji halikuwahi kumtoka mdomoni.

Sasa, kompyuta yake ilikuwa ya bei nafuu, na harusi moja ingeweza kuikalisha mchana kutwa ikikokota picha. Fundi akamwambia kwamba prosesa yake, ule ubongo wa kompyuta, japo ya bei ya chini, ni ya aina inayokubali kusukumwa ikimbie kuliko kasi iliyowekewa kiwandani.

"Ila kasi inakuja na joto, kaka," akasema. "Hiki kifeni kilichokuja nayo ni cha kupooza chai. Tafuta feni kubwa, yenye chuma kizito chini yake cha kunyonya joto. Bila hiyo tutaikaanga."

Akafungua kasha la kompyuta, akamwonyesha namna ya kupandisha kasi, akaijaribu kidogo, kisha akairudisha chini mpaka feni ipatikane. Muda wote huo Kufuli alisimama nyuma ya bega lake, haja ndogo imembana na hatoki. Alitoka mara moja tu, jirani alipobisha hodi. Mara hiyo moja ndiyo iliyokuja kumla.

Feni aliinunua mwenyewe, na akaamua kuifunga mwenyewe, maana fundi angeweza kumbadilishia akamwekea kuukuu. Alipaka krimu ya kupitisha joto juu ya prosesa kama alivyoona kwenye video. Chini ya kile chuma kizito palikuwa na karatasi ya nailoni, nyembamba, yenye maandishi mekundu ya kumtaka aiondoe kabla ya kufunga. Kufuli aliyasoma mara mbili, akatabasamu. Hila za wauzaji hizo: ukishabandua nailoni, hawakurudishii pesa yako. Nyumbani kwao hata rimoti ilikuwa bado ndani ya mfuko wake, na makochi yalivikwa plastiki iliyowanasa wageni mapaja. Kitu kipya hulindwa. Akaifunga feni na nailoni yake, akapandisha kasi alivyofundishwa.

Kompyuta ilikimbia dakika chache, bibi harusi wa watu akiwa katikati ya kukata keki, kisha ikazima. Akaiwasha, ikazima tena. Alipofanikiwa kuangalia joto, lilikuwa linapanda kama maziwa jikoni.

Alikaa kitini, akafikiri, na kila alipofikiri alirudi palepale: jirani, hodi, mlango. Fundi alikuwa amebaki peke yake na kasha lililo wazi. Amechomoa prosesa nzima, amechomeka mbovu. Kwenye skrini jina lilikuwa lilelile, lakini jina kitu gani? Hata mwizi ana jina.

Jioni fundi alipokuja kusalimia, Kufuli alimsubiri sebuleni, mama na dada wakiwapo.

"Prosesa yangu umeipeleka wapi?"

Fundi alidhani ni utani, akacheka. Kicheko kile kikamharibia kila kitu.

"Unacheka. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Leo umebadilisha prosesa, ukishaoa hapa utabadilisha nini?"

"Kaka, niruhusu niifungue, tuangalie wote."

"Huigusi tena. Na Jumapili wazee wako wasijisumbue."

Fundi alimtazama binti, akamtazama mama, akavaa viatu vyake polepole. "Sawa, kaka," akasema, akaondoka. Uso wake haukuwa na kicheko hata kidogo, na Kufuli, badala ya kufurahi, aliusindikiza mgongo wake kwa macho mpaka ukapotea.

Mdogo wake hakulia. Alileta bisibisi, akasimama mbele yake na kunyoosha mkono. "Ufunguo."

"Wa nini?"

"Wewe si hutaki mtu aguse? Mimi ni mtu wa humu ndani. Au na mimi ni mwizi?"

Mama alimkazia macho. Kufuli akauvua ufunguo.

Binti alifungua chumba cha kazi, akalegeza skrubu, akainua feni. Krimu ilikuwa imebaki juu ya prosesa, na juu yake, imekunjamana kwa joto, ilikuwepo nailoni iliyolizuia joto lisifike kwenye chuma. Akaibandua kwa kucha, akayasoma yale maandishi mekundu. Kisha akapangusa prosesa kwa kitambaa.

"Lete ile picha uliyoipiga prosesa siku uliyoinunua. Najua unayo."

Alikuwa nayo. Namba za pichani na zilizochapwa juu ya prosesa zilikuwa zilezile, tarakimu kwa tarakimu. Kufuli alizilinganisha, akazilinganisha tena, akitamani zitofautiane walau moja. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama akasema taratibu. "Si ndivyo ulivyosema?"

Simu ya kwa fundi Kufuli aliipiga mwenyewe. Alisema "nimekosa", neno ambalo mama yake hakumbuki kama alishawahi kulisikia kwake.

Kesho yake fundi alikuja na mkoba wake, lakini hakuketi. Mlangoni mwa chumba cha kazi alikunja mikono ya shati, akageuza mifuko ya suruali nje, mitupu.

"Angalia kwanza, kaka. Halafu usimame hapa nyuma yangu mpaka nimalize. Sitaki tena kuulizwa."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Kufuli. Alitazama ile mifuko inayoning'inia. Aliweka ufunguo mezani, kando ya bisibisi, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake.

Alikaa barazani na mama yake. Kutoka ndani zilisikika skrubu zikianguka kwenye kisosi. Alitikisa mguu. Akainuka.

"Kaa," mama akasema.

Akakaa. Feni ikaanza kuunguruma, ikatulia, ikawa inavuma sawasawa. Mlango ukafunguka kidogo.

"Kaka, sijafunga kasha. Njoo ukague."

Kufuli alishika magoti yake kwa mikono miwili ili yasiinuke.

"Funga tu, shemeji."