Unajikinga na Nani?

Bi mkubwa alitoka kumsindikiza mteja mlangoni. Aliporudi kwenye cherehani yake akamkuta bi mdogo amesimama, droo iko wazi, mkononi ana kikopo cha vidonge. Sindano aliyokuja kuazima ameshaisahau.

Habari hii ikimfikia mume wao, bi mkubwa ataitwa mgonjwa au malaya, achague, na virago atafungashiwa leo leo.

"Dada, una virusi na umenyamaza? Si umetumaliza!"

"Sina. Nimepimwa. Hivyo vinazuia virusi visiniingie. Kimoja kila siku."

Bi mdogo akafikiri. Alipomaliza kufikiri ndipo alipokasirika sawasawa.

"Kumbe unajikinga na mimi! Mimi ndiyo uchafu wa nyumba hii? Ngoja mume wetu aje."

"Kwani mimi nalala na wewe? Kaa hapo. Friji la yule mama wa nyumba ya kona, limeharibika mara ngapi mwezi huu?"

Mume wao alikuwa fundi friji, mtu mpole, hodari wa kazi.

"Linaharibika kila mara, bovu lile."

"Na akienda kutengeneza mafriji ya watu wengine, huwa anaoga kwanza?"

Maji hayo ya kuoga huyachemsha bi mdogo. Na shati la kwendea huko hulipiga pasi yeye, kola akaikazia kweli kweli.

"Mshenzi," akasema polepole. Kisha akanyoosha kiganja. "Nigawie nusu."

"Hizi si karanga, mdogo wangu. Kliniki unapimwa kwanza, unapewa zako. Ukikutwa na virusi tayari, dawa yake ni nyingine."

"Nikikutwa navyo, je?"

"Tutarudi wote. Na zamu yako jikoni nitaingia mimi."

Wakajitanda khanga, wakatoka. Mlangoni wakakumbana na mume anarudi. Akawatazama, hawa hata dukani hawajawahi kuongozana.

"Mnakwenda wapi?"

Bi mdogo akamshika bi mkubwa mkono.

"Mambo ya wanawake. Tupishe."

Akawapisha, mgongo ukutani.

Barabarani bi mdogo akauliza, "Vinanenepesha?"

"Mimi wiki ya kwanza vilinitia kichefuchefu tu, kikapita."

"Sasa akiniona natapika atadhani nina mimba."

"Mwache ashangilie," akasema bi mkubwa, wakavuka.