Krismasi ya Mwezi wa Kumi

Rachael Nasimiyu hakusomea upishi. Alianza kupikia watu kwa sababu mume wake, Oloo, alikuwa na tabia ya kuleta marafiki nyumbani kila timu yake ilipocheza, na marafiki hao walikuja na njaa. Oloo alikuwa fundi wa fanicha. Karakana yake ilikuwa kando ya Ngong Road, mwendo mfupi kutoka Adams Arcade. Alizaliwa Ugenya na alikuwa shabiki wa Gor Mahia tangu utotoni, ilhali Rachael ni Mbukusu wa Kimilili, na kwao wote ni watu wa Ingwe, timu hasimu. Walipooana, majirani waliwabandika jina la derby, yaani mechi ya watani wa jadi. Siku timu hizo mbili zilipokutana, sebule yao ya Mountain View iligawanyika katikati, kijani huku na buluu kule, na Rachael akapikia pande zote: bhajia za viazi, kuku wa ukwaju, chapati zilizokatwa vipande vidogo ili mtu ale bila kuondoa macho kwenye televisheni.

Binti yao, Everlyn, ndiye aliyeanza kumrekodi kwa simu. Video zikapendwa. Baada ya miaka mitatu Rachael alikuwa na wafuasi wengi kuliko alioweza kuwajibu, wengi wao wanawake wanaoingia jikoni wakiwa bado na nguo za kazini, wakitaka kujua wapike nini Pasaka, wapike nini Idi wakiwa na wageni Waislamu, wapike nini wakwe wakija ghafla. Mwezi wa tano mwaka jana, kampuni moja ndogo ya video kule Westlands ilimwita, ikamwomba aandae vipindi sita vya mwisho wa mwaka. Vingine vingekuwa vya mashabiki, vingine vya wapishi wa nyumbani, na cha mwisho kingekuwa cha Krismasi.

Mwezi huohuo Oloo akaanza kuacha chakula.

Kwanza aliacha ugali. Akasema ameshiba. Kisha akaacha nyama. Alikuwa anakunywa mchuzi, anasukuma sahani, anatoka nje kama aliyekumbuka simu ya kupiga. Rachael alimwuliza kama chakula kilikuwa na kasoro. Akasema hapana, alikula kazini. Alimwuliza alikula nini huko kazini, naye akataja maharagwe. Kesho yake, akiulizwa tena, akataja samaki, kisha akasahau akasema hakula chochote. Akaanza kupungua. Akatoboa mshipi tundu jipya, kisha jingine, akanunua mashati mawili ya kumkaa mwilini. Rachael aliyatazama mashati yale yakining'inia kwenye kamba na akawaza kile ambacho wengi wangewaza. Nusu ya Nairobi inamwomba ushauri wa mapishi, na mume wake mwenyewe hali chakula chake. Basi kuna anakokula.

Alilisema mwezi wa saba, asubuhi, Oloo akiwa anatafuta funguo za karakana.

"Kama kuna anayekupikia vizuri kuliko mimi, hamia huko."

Oloo alipata funguo, akasimama kidogo mlangoni, akatoka. Huko kunyamaza kwake ndiko kulikomhakikishia Rachael kwamba amegusa ukweli. Wiki tatu zilizofuata aliendelea kumwekea chakula mezani bila kumtazama, na yeye akaendelea kukiacha.

Jumatano moja ya mwezi wa nane, saa saba mchana, Rachael alikwenda karakana bila kumpigia simu. Alijifunga kitambaa kizuri na kujipaka mafuta, kwa sababu hakutaka mwanamke huyo amwone akiwa ovyo. Kiilu, fundi aliyefanya kazi na Oloo kwa miaka kumi na mmoja, alimwona kwa mbali, akaacha randa yake na kwenda kusimama mlangoni. Alimsalimia, akamwuliza habari za Everlyn, akamwambia mzee ametoka. Rachael akamsukuma akapita.

Oloo alikuwa nyuma ya makabati matatu ambayo hayajapakwa vanishi, amekaa juu ya kigoda. Alikuwa peke yake. Mkononi alishika kikombe cha uji mwepesi na kijiko cha chai. Alitia uji mdomoni, akainua shingo, akafumba macho, akasubiri. Kitambo kirefu. Kisha akakohoa, akautema wote kwenye leso, akapangusa machozi yaliyomtoka kwa kujikamua, akachota kijiko kingine. Rachael alimtazama akifanya hivyo mara nne kabla Oloo hajageuza kichwa.

"Tangu lini?" akamwuliza.

"Mwezi wa tano."

"Na ukaniacha niseme yale niliyosema?"

Oloo akaweka kikombe juu ya ubao. "Ningekwambia nini, Mama Eve? Kazi yako ni kulisha watu."

Wiki ile yote walikuwa hospitalini. Daktari aliyewapokea, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, hakuzunguka. Ilikuwa saratani ya bomba la chakula, na ilikuwa imekaa sana. Kupasua kusingesaidia. Wangemwekea kimrija cha waya pale palipozibika ili vitu vya majimaji vipite, na wangempunguzia maumivu. Oloo aliuliza kama ataiona derby ijayo. Daktari akauliza ni lini. Alipotajiwa mwezi, akasema waombe Mungu.

Rachael alirudi nyumbani akanunua machujio matatu. Alichemsha kuku wa kienyeji hadi mifupa ikalainika, akasaga, akachuja, akachuja tena. Alisaga viazi na maziwa, maembe, njugu. Yote aliyoyajua kuhusu chakula, namna ya kukifanya kiwe na rangi, kilie meno yanapokiuma, kipendeze kwenye sahani, yakawa hayana kazi. Oloo alikunywa kila kitu kwa mrija, rangi moja na nyingine, na kila mara alisema asante.

Alitaka kuiacha kazi ya Westlands. Oloo ndiye aliyekataa. Alisema nyumba itakuwa kimya mno, na kwamba hata kama hawezi kula, pua yake bado haijaugua.

Kwa hiyo mwezi wa kumi wakaja kurekodi Krismasi. Mwelekezi alikuwa Jasmeet, binti wa Kisingasinga wa miaka ishirini na saba, mpole lakini mkali wa saa. Aliingia na mti wa plastiki, pamba ya theluji ambayo Rachael alimwomba aiache kwenye gari, na mapambo ya dhahabu. Akafunga pazia la dirisha la sebuleni, maana mjakaranda wa jirani ulikuwa umechanua zambarau, na watu wa Nairobi wangejua mara moja kwamba hiyo si Desemba. Rachael akapika tangu saa kumi na mbili asubuhi: pilau, kuku mzima wa kuchemshwa kisha akakaushwa kwa moshi kidogo kama kwao, mboga za kienyeji zilizolala kwenye maziwa, keki ya matunda.

Meza ilihitaji baba wa nyumba. Jasmeet alikuwa amekuja na mtu wa kukodiwa, bwana mmoja mnene mwenye tabasamu zuri. Alikuwa ameshavuta kiti cha mwisho wa meza wakati Oloo alipotoka chumbani. Alivaa koti lake la harusi. Mabega ya koti yalimwangukia hadi karibu na kiwiko.

"Hiyo meza niliiunda mimi," Oloo alisema kwa sauti yake ya sasa, iliyokuwa kama ya mtu anayenong'ona kanisani. "Na hivyo viti. Nitakaa mwenyewe."

Jasmeet alimtazama Rachael. Rachael akaitikia kwa kichwa. Yule bwana mnene akaondoka kitini kwa heshima, akaenda kusimama jikoni.

Jasmeet alieleza kwamba hakuna haja ya kula. Uncle, kama alivyomwita Oloo, angeshika uma tu, atabasamu, wao wangekata picha hapo. Rachael akaleta kuku. Kama ilivyo kwao, alichukua firigisi kwanza, akaiweka kwenye sahani ya mume wake mbele ya watu wote, kisha ndipo akagawa vipande vingine. Kamera ilikuwa inakwenda. Oloo akaikata firigisi katikati na kisu, akaichoma kwa uma, akaitia mdomoni.

Everlyn, aliyekuwa amekaa pembeni yake, akasema, "Baba," polepole.

Oloo alitafuna. Alitafuna kwa muda mrefu, macho amefumba, taya zikienda taratibu, uso wake ukiwa umetulia kuliko ulivyowahi kutulia tangu mwezi wa tano. Jasmeet alisahau kusema wakate. Hata yule bwana wa kukodiwa alikuwa amesogea mlangoni akitazama. Mwishowe Oloo akageuza uso kutoka kwenye kamera, na Rachael akawa tayari na kitambaa, naye Oloo akakirudisha chakula humo bila sauti. Akainama kwenye sikio la mkewe.

"Umepunguza tangawizi."

Ilikuwa kweli. Wafuasi walikuwa wamelalamika kwamba inawasha.

"Rudisha kama zamani," akasema.

Rachael alikwenda jikoni, akafungulia mfereji, akasimama hapo hadi Jasmeet alipokuja kuufunga.

Alasiri, mti wa plastiki ulipokuwa umeshabebwa na pazia kufunguliwa, Rachael alikaa kando ya kitanda cha mumewe akamwomba msamaha kwa maneno ya mwezi wa saba. Alikuwa ameyapanga maneno mengi, lakini yalimtoka machache. Oloo alicheka kile kicheko chake kisicho na sauti. Alisema ukweli ni kwamba alifurahi kidogo. Mtu wa miaka hamsini na tatu, fundi wa mbao, bado mke anamwonea wivu. Rachael alitaka kucheka naye. Badala yake alilaza kichwa kwenye blanketi, na Oloo akakishika.

Alifariki tarehe kumi na tisa Novemba, asubuhi, Rachael akiwa amekwenda kumchemshia maji. Walimzika Ugenya. Mashabiki wenzake walikuja na tarumbeta na matawi, na nyuma yao wakaja ndugu na rafiki za Rachael kutoka Kimilili wakiwa wamevaa buluu. Katika maisha yote ya Oloo hakuna aliyewahi kuiona buluu ikiruhusiwa kuingia katika boma lile.

Mwanzoni mwa Desemba Jasmeet alimpigia simu, akamwomba afike Westlands kama ana nguvu. Ofisini alimwekea kiti karibu na dirisha, akamwambia kwamba kipindi cha Krismasi kilikuwa tayari, lakini wangeweza kukikata upya. Wangeweza kuonyesha chakula na mikono tu. Wangeweza kumtoa Uncle kabisa, na hakuna ambaye angelaumu.

Rachael akaomba akione. Alimwona Oloo akivuta kiti. Alimwona akitafuna. Kwenye skrini dakika ile nzima ilikuwa imefupishwa, na pale alipogeuza uso palikuwa pamekatwa, pakafuatwa na keki. Ungeapa kwamba amemeza.

"Ukimtoa," Rachael alisema, "ni nani atakuwa amekaa pale?"

Kipindi kikatoka tarehe ishirini Desemba. Kufikia jioni maoni yalikuwa yamepita elfu mbili. Watu waliuliza kipimo cha maziwa ya mboga, kama kuku wa gredi, yaani wa kisasa, atafaa, kama keki inaweza kuokwa kwenye sufuria. Lakini wengi walimtaja yule mzee. Walisema wamependa anavyokula kwa raha. Wakasema hiyo ndiyo shukrani. Mama mmoja wa Kitale aliandika kwamba mume wake hajawahi kula chakula chake namna hiyo hata siku moja, na kwamba Mungu amtunzie Rachael mzee wake. Rachael aliandika jibu kwamba mzee ameshakwenda. Akalifuta. Akaandika asante, akaweka simu kifudifudi juu ya friji.

Siku ya Krismasi hakupika. Ndugu walimwita Kimilili, shemeji zake wakamwita Ugenya, akawaambia wote kwamba atasafiri Januari. Asubuhi yeye na Everlyn walikunywa chai na mkate. Saa sita Kiilu alipita na soda, akakaa dakika kumi, akaenda kwa watoto wake. Saa saba Jasmeet akabisha hodi akiwa na mabakuli mawili yaliyofungwa kwa taulo, wali wa jira na dengu kutoka kwa mama yake. Alisema hataki kusumbua. Rachael akamwambia aingie, akae.

Walikula watatu. Dengu zilikuwa laini, zimeiva hadi zikapasuka, na Rachael, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa anakula kwa sababu Everlyn anamtazama, alijikuta anachota kijiko cha pili, na cha tatu, vyote vikishuka bila shida yoyote. Kwenye kijiko cha nne akalia. Hakuficha uso. Everlyn alitaka kumwondolea sahani, naye akaishikilia.

Simu iliendelea kutetemeka juu ya friji. Everlyn akainuka akaisoma: walikuwa wanauliza wapike nini Mwaka Mpya.

"Waandikie," Rachael alisema. "Waambie yule mzee ni mume wangu. Anaitwa Oloo. Tulimzika mwezi uliopita."

Everlyn akaandika kwa vidole viwili, polepole. Aliuliza kama aandike pia kwamba hakuweza kumeza.

"Hilo usiandike," mama yake akasema. "Hilo ni letu."

Everlyn akatuma. Jasmeet akasukuma bakuli la wali katikati ya meza, na Rachael akaongeza kidogo.