Punje Mbili

...kumbe tumbo la mtu lina vilima na mabonde kama wilaya yao ya Mbozi yenyewe, Atuganile anawaza, picha ya tumbo lake ikizungushwa kwenye kompyuta, honi za malori ya Zambia zikilia nje, na daktari Ipyana anasema picha hii mama inaonyesha pande zote, hatukisii tena, tunapima kabisa uvimbe umekua kiasi gani tangu Machi, ndiyo baba, anaitikia, laiti picha hii ingekuwepo siku za Rabson, mume wake, aliyetibiwa vidonda vya tumbo kwa kukisia tu mpaka akabaki mifupa, leo miaka minne yuko kaburini kando ya kahawa, na kitanda bado anakilalia upande mmoja tu, ule mwingine ni wa Rabson, ujinga gani huu... “haujakua, mama, uko vilevile,” ashukuriwe Mungu, lakini mbona moyo umetulia tuli, mbona Machi alipoambiwa ana uvimbe aliwaza basi, nitamfuata... “ila hivi vidoa viwili Machi havikuwepo, mama, leo umekula chochote?” hapana baba, sijala, na kweli, uji aliuacha jikoni, alfajiri tu, akisubiri gari pale kituo cha Ruanda, mti wa kahawa wa pembeni mwa shamba lao ulikuwa na tunda jekundu, la kwanza msimu huu, na la kwanza halitemwi, Rabson ndiye aliyeanzisha, anakutia mdomoni kwa mkono wake, meza na punje zake mbili, Atu, shamba lisitusahau, anacheka, vidole vinanukia udongo, ee Rabson, anamtamani mpaka kifua kinauma, leo alijitilia mwenyewe, akameza, tunda moja nalo ni kula?... na pale kwenye picha punje mbili zimelala ubavu kwa ubavu, “itabidi tukate kinyama tukapime,” daktari anasema, Atuganile akinyamaza zitaandikwa ugonjwa, njia ya kwa Rabson itafupika, ni kufunga mdomo tu... lakini kahawa ndiyo kwanza inaiva, nani atachuma, nani mwakani atameza tunda la kwanza, hakuna mwingine anayejua, akifa yeye Rabson atakufa mara ya pili, na hapo hofu inamshika, hofu hasa, anataka kuishi, jamani, anataka kuishi, na daktari bado anaizungusha picha, punje zinapita, zinapotea, zinarudi, na Atuganile anafungua mdomo.