Nyaya za Boksi la Zamani

Tangu alipofanyiwa upasuaji wa koo, mzee aliyekuwa fundi wa redio alikuwa akijifunza kusema kwa mikono, na mikono ilikuwa bado haijajua kusema. Akiomba maji, analetewa mto. Akionyesha kwamba ameshiba, anaongezewa. Mkewe alijitahidi, maskini, lakini alikuwa ameishi ujana na utu uzima wake wote na mume asiyefunga mdomo, na sasa nyumba ilikuwa kimya mno kwake.

Sauti ya mzee ilibaki mahali pamoja tu, ndani ya kompyuta ya mezani pale sebuleni. Kabla ya kwenda hospitali alijifungia na maikrofoni akarekodi visa vya karakana, utani wa mashemeji, na kila baada ya maneno mawili matatu akamwita mkewe "Bi Mdogo", jina alilompa tangu siku ya harusi ingawa hakuwahi kuwa na bi mkubwa. Mkewe hakutaka kusikiliza. "Bado nakusikia kichwani," alikuwa akisema. Ila jana alikaa kitandani akalia, akakiri kwamba sauti imeanza kumtoka, kwamba anayakumbuka maneno lakini hasikii tena nani anayasema. Wakaenda kuwasha kompyuta. Iliwaka, ikazima. Ikawaka tena, ikazima kabla picha haijatokea.

Ndiyo maana leo asubuhi kitindamimba wao, fundi wa kompyuta, alikuwa amepiga magoti chini ya meza.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alitania, kichwa kikiwa ndani ya mashine.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake, anamtazama kwa fahari. Kijana alifanya kazi vizuri. Alichomoa kadi za kumbukumbu, akazifuta, akazirudisha. Mashine ikazima vilevile. Akachomoa waya mkubwa wa boksi la umeme, lile linaloilisha mashine yote, akaunganisha tundu mbili kwa kipande cha waya kulijaribu peke yake, na feni ya boksi ikazunguka.

"Inazunguka, baba, lakini hiyo si afya. Hata mgonjwa hukaa kitako."

Akarudisha waya, akaweka mita. Palipotakiwa kuwa na volti kumi na mbili, mashine ilipoanza tu kazi, mita ilishuka hadi kumi, kisha giza. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Hata yeye angesema hivyohivyo: boksi la umeme limechoka, mengine yote mazima.

"Diski iliyohifadhi sauti haina neno," kijana alimwambia mama yake. "Nabadilisha boksi tu, halafu utamsikia mzee mpaka umchoke."

Mama alicheka, kicheko ambacho mzee hakuwa amekisikia siku nyingi.

Boksi jipya, alilokuja nalo kwa tahadhari, lilitoka kwenye katoni pamoja na mfuko wa nyaya zake. Kijana aliutupa mfuko kitini bila kuufungua. Nyaya za zamani zilikuwa zimefungwa vizuri kwa kamba nyuma ya mashine, zimefika hadi kwenye diski, na ncha zake ziliingia kwenye boksi jipya bila ubishi. Ya nini kufumua?

Mzee alishtuka. Maisha yake yote alikuwa amefungua vifaa vya kila kiwanda, na alijua kwamba tundu zikifanana kwa nje si lazima umeme upite njia ileile kwa ndani. Kama nyaya zingekuwa zilezile, mtengenezaji angeleta nyingine za nini?

Akapiga kofi kwenye mkono wa kiti. Kijana akageuka, akatabasamu. "Usiwe na haraka, baba, nakaribia."

Mzee akaonyesha mfuko. Akauonyesha tena, kwa vidole vyote.

"Anaudhika na takataka," mkewe alisema. "Unamjua baba yako." Akauchukua mfuko na katoni, akaenda navyo jikoni.

Mzee akasimama. Hewa ilitoka kwa mluzi kwenye tundu lililoachwa shingoni na upasuaji, na neno halikutoka. Neno moja tu! Maishani amemwaga maneno kama maji, na leo hana hata moja la kumpa mwanawe. Akajivuta kuelekea swichi ya ukutani, azime umeme. Kijana akaruka, akamshika mabega kwa upendo, akamkalisha.

"Daktari kasema usijichoshe. Mimi nipo."

Mkono mmoja ukiwa bado begani kwa baba yake, kwa mwingine akabonyeza kitufe cha kuwasha.

Ulisikika mlio mdogo, tap, wala si mkubwa. Kikafuata kijimoshi, kisha harufu ambayo mafundi wawili waliokuwa pale waliijua vizuri. Kijana alichomoa diski, akaungua kidole. Diski ile haikuwa ya sahani inayozunguka, ilikuwa chipu tupu, na chipu zilikuwa zimetoboka, hakuna tena cha kuokoa. Aliigeuza, akaigeuza tena. Akaufuata waya kwa macho hadi kwenye boksi, akatazama kiti alichokuwa ameutupa mfuko, kisha akamtazama baba yake.

"Ndicho ulichokuwa unaniambia," alisema.

Mzee akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na hasira. Alitamani angekuwa nayo.

"Mbona kimya huko?" mama aliita toka jikoni. "Ongezeni sauti, na mimi nisikie!"

Kijana aliiweka diski mezani. Mzee akainuka polepole, na safari hii hakuna aliyemzuia. Alimkuta mkewe anafuta mikono, uso umekunjuka, mfuko wa nyaya uko juu ya pipa la taka. Akamshika mkono. Akasema kwa midomo, taratibu, Bi Mdogo.

Mkewe alilitambua neno, maana lilikuwa lake. Akaligeuzia sikio sebuleni, akingoja sauti itoke kule.

"Sema tena," alisema. "Sijasikia."