Mlango wa Kuvunjwa kwa Teke Moja

Mimi ni seremala, huu mwaka wa ishirini na nane, na sijawahi kutengeneza mlango wa kuanguka. Nasema mapema ili mjue kwamba yaliyotokea ukumbini hayakuwa makusudi. Mke wangu haamini. Shauri yake.

Kikundi cha maigizo cha mtaani kwetu kinaongozwa na muuza saruji tunayemwita Mkurugenzi, maana akiitwa kwa jina lake haitiki. Safari hii alitunga mchezo wa mapenzi. Baba mkali anamfungia binti yake chumbani ili asiolewe na kijana anayempenda. Kijana anakuja, anavunja mlango kwa teke moja, wanatoroka. Binti wa mchezo alikuwa kitindamimba wangu, anayeuza kwenye duka la dawa. Kijana alikuwa kinyozi wa pale kona.

Huyo kinyozi alikuja karakana kwangu miezi minne kabla ya hapo. Alikaa kwenye benchi la kazi, akaalisha vidole vyote kumi kimoja kimoja, ta! ta!, ndipo akasema anataka kumwoa binti yangu. Binti wa kweli, si wa mchezo. Nikamwambia nitafikiria. Si kwamba simpendi. Ana adabu na anachekesha. Lakini kabla ya unyozi alianza ufundi wa magari akaacha, akaanza ushonaji akaacha, akaanza kufuga kuku, kuku nao wakamwacha yeye. Sikutaka binti yangu aje kuwa kitu cha tano. Kila jioni mwanangu ananitengea chakula, ananitazama. Na mimi kila jioni nafikiria.

"Fundi," Mkurugenzi aliniambia, "nataka mlango dhaifu. Bawaba moja, kitasa cha kudanganyia. Ukiguswa tu, chini!"

"Nimekuelewa."

Nilimwelewa kweli. Tatizo ni mkono. Nilishika mbao laini nikaona aibu, nikashika ngumu. Nikafunga bawaba moja, mlango ukaning'inia kama mlevi, nikafunga tatu. Na kitasa cha kudanganyia nani anauza? Nikaweka cha kweli. Gundi ikachelewa kukauka, kwa hiyo mazoezi yote walitumia pazia badala ya mlango. Mlango ulifika ukumbini Jumamosi mchana, watu wameshakaa. Nikaukaza kwenye jukwaa kwa skrubu ndefu, nikabaki nyuma yake na binti yangu, eti tumo chumbani.

"Mpenzi wangu!" kinyozi akapaza sauti upande wa pili. "Kaa mbali na mlango!"

Binti akasogea. Teke likaja, puu! Mlango ukatulia kama haukuambiwa kitu.

"Baba," binti akaninong'oneza, "umeufunga kwa ufunguo?"

"Si Mkurugenzi kaandika mlango umefungwa?"

"Baba!"

Teke la pili. La tatu likaja na "Mama yangu weee!" ambayo haimo kwenye mchezo. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Kijana, rudi na nondo!" mtu akapiga kelele.

"Zinyoe hizo bawaba!" akadakia mwingine.

Mke wangu alikuwa mstari wa mbele. Nikamsikia waziwazi: "Baba watoto, haya ni makusudi!"

Binti akanyoosha mkono, kiganja juu. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu na ningeweza kumpa. Sikumpa. Niseme ukweli: nilikuwa nasubiri kusikia viatu vya kinyozi vikiondoka. Nilikuwa na hakika vitaondoka. Kazi imemshinda, watu wanamcheka, mguu unamuuma. Mtu wa kuacha, ataacha.

Havikuondoka. Nikasikia anakaa chini na mgongo wake unaegemea mbao. Kicheko kikapungua polepole, watu wakitaka kujua atafanya nini. Kisha akabisha, taratibu, kwa vidole.

"Hodi."

Binti yangu akafungua kinywa.

"Wewe subiri kidogo," kinyozi akasema, kama aliyemwona. "Hodi hii ni ya mzee. Mzee, najua umo humo. Nimengoja jibu miezi minne. Mlango wako siuwezi, na hata ningeuweza, umetengenezwa vizuri mno, ningeona vibaya kuuvunja. Nitakaa hapahapa. Hawa wakienda kwao, mimi nipo. Kesho nipo."

"Na wateja wako?" nikamuuliza kutoka ndani. Ndilo lililonijia.

"Nitawanyolea hapa."

Watu wakacheka tena, lakini safari hii walikuwa wanacheka naye. Nikamtazama binti yangu. Analia na kucheka kwa pamoja, poda yote ya Mkurugenzi imechuruzika mashavuni. Mama yake alikuwa hivyohivyo siku nilipomposa.

Nikafungua. Kwa kuwa alikuwa ameegemea, aliangukia ndani chali, miguuni pangu. Ukumbi wote ukaniona, na kaptura yangu ya kazi na unga wa mbao.

"Mguu umevimba?" nikamuuliza.

"Kidogo, mzee."

"Kesho kutwa njoo na wazazi wako. Mchana. Asubuhi nina kazi."

Binti yangu akanikumbatia shingo mpaka nikakosa pumzi, mke wangu akapiga vigelegele, na Mkurugenzi akaingia jukwaani na makaratasi yake, jasho linamtiririka.

"Fundi, umeniua! Watatoroka vipi sasa, wakati baba ameshakubali?"

"Waende polepole," nikamwambia. "Kijana anachechemea."

Onyesho lilirudiwa wiki mbili baadaye. Mlango nikakataa kuugusa, kwa hiyo kinyozi akasema atatengeneza yeye. Siku nne alikuja karakana kwangu akagonga misumari, na vidole vyake pia, na hakuacha mpaka amemaliza. Siku ya onyesho ulianguka wenyewe kabla hajaufikia. Nilisimama nikapiga makofi peke yangu.